Sebule ya Makena

Mwaka mzima Makena aliwafungia wageni sebule yake, yeye aliyelelewa na "mgeni njoo, mwenyeji apone".

Hapo kwake Woodbridge, ughaibuni, analea watoto wa manesi sebuleni mchana kutwa, kwa leseni. Mtu mmoja kanisani alimwambia kwamba ukitaka kupunguziwa kodi kwa chumba unachofanyia kazi nyumbani, chumba hicho kisitumike kwa jambo jingine lolote. Basi Makena naye, akiambiwa usikanyage, huondoa hata kivuli chake. Aliwaambia kina mama wa maombi kwamba zamu yake ikifika hataweza kuwapokea. Sababu hakuitoa. Angeanzaje kusema ni kodi?

"Zamu yako nipe mimi," Akinyi, mmoja wao, alisema, na wanawake kumi na wawili wakawa wanabanana katika fleti yake ndogo. Makena alikwenda kila mara, na kila mara haya zilimla.

Mwezi wa tatu akapeleka makaratasi kwa Clement, anayewajazia watu fomu za kodi.

"Na wikendi sebule mnaitumia?" Clement aliuliza.

"Hata kidogo! Sisi tunakula jikoni."

Clement akavua miwani. "Mama, nani alikudanganya? Hiyo ni sheria ya watu wenye ofisi nyumbani. Daycare yenye leseni iko tofauti. Tunahesabu masaa ya watoto, hayo mengine ni yenu. Ungefanya hata harusi hapo."

"Kwa hivyo nimefukuza watu bure?"

"Bure kabisa. Lakini relief ya kodi utapata, usijali."

Makena alicheka, kisha akalia, akatoka bila kuuliza atapunguziwa kiasi gani. Akiwa bado kwenye maegesho alimpigia Akinyi, akamwambia yote, akangoja kugombezwa.

"Ai, Makena! Ati kodi?" Akinyi alicheka hadi akakohoa. "Na sisi tulijua mortgage ya nyumba imekulemea, unaficha kwamba benki inaichukua. Tumekuchangia tangu Krismasi. Tulikuwa tunatafuta tu vile tutakupatia bila kukuaibisha."

Makena aliegemea gari. Aliwafungia mlango, nao wakakaa nyuma yake wakimchangia. Alimshukuru Mungu kwa wanawake wale, kwa sauti, watu wakipita.

"Akinyi, hiyo pesa nunueni nyama," alisema. "Jumamosi mje nayo nyote, mpikie kwangu. Na mkae mpaka mchoke."