Kindoo cha Elsie

Kosa letu lilikuwa machungwa. Kwa wiki tatu, baada ya darasa la jioni, roboti yetu ilijifunza kuokota machungwa ya Nzivo, jirani yangu anayeuza matunda hapa Kayole, na kila tulipomaliza mazoezi tuliyala. Nani angenunua mipira isiyolika?

Jumamosi asubuhi, ukumbini, mipira ya mashindano ya roboti ikatolewa: plastiki tupu, myepesi kama ganda la yai. Vidole vya bati nilivyovibuni vikaja kuubana wa kwanza. Ukaruka. Wa pili ukakimbilia ukutani. Chungwa hutulia kwa uzito wake. Hii tulikuwa tunaifukuza tu.

"Mama Elsie," akasema Nalianya, mwendeshaji wetu, "roboti yako inacheza boli."

"Cheka tu. Zamu yetu lini?"

"Dakika ishirini. Tusipookota mitatu, tunarudi nyumbani."

Kazi ya kuunda mkono wa roboti niliiomba mwenyewe, darasa zima likisikia. Walikuwa wamenipa kupaka rangi, eti kwa sababu nina mtoto mgongoni.

Mtoto mwenyewe, Elsie, mwaka mmoja na nusu, alikuwa sakafuni, ameufunika mpira mtoro kwa kindoo chake cha buluu. Haukwenda popote.

"Nalianya, ile katoni ya roboti tuliifunga na nini?"

"Blada ya baiskeli."

"Fungua. Leta na kisu."

Nilikata kitako cha kindoo ili mipira itolewe kwa juu, Elsie akaangua kilio cha kuita majirani. Nikakaza vipande vya blada, ule mpira wa ndani ya tairi, mdomoni mwa kindoo, nafasi kati yavyo ndogo kuliko mpira. Ukikigandamiza mdomo chini, mpira unapenya. Ukiinua, blada inauzuia. Tukang'oa vidole vyangu vya bati, tukafunga kindoo mahali pake.

Zamu yetu ikafika. Mpira wa kwanza, tup! Wa pili, tup! Wa tatu ukakwama nusu ndani, nusu nje, sekunde kumi zimebaki.

"Gandamiza tena!"

"Si nagandamiza, mama! Usinipigie kelele!"

Tup.

Ukumbi ulilipuka. Kabla mwamuzi hajaandika, Elsie alishachomoka mikononi mwangu, ameshika kindoo, anakivuta.

"Na huyu ni nani?" mwamuzi akauliza.

"Mwenye kifaa," Nalianya akajibu. "Tunambembeleza atuazime hadi fainali ya saa nane."

Nilikuwa na chungwa moja limebaki mkobani, nikamnyooshea. Elsie alilitazama, akakitazama kindoo, akakiachia.