Jina Linaloanza Wimbo

...na huyu msichana ameuliza tena, kwa ile sauti yake ya taratibu ambayo mtu hawezi kuikasirikia, kama kweli hakuna wimbo mwingine, na Murugi ametikisa kichwa, hakuna, kichwa kimetikisika chenyewe kabla hajakipa ruhusa, mara ya tatu hiyo tangu waanze kuja hapa, na mara ya tatu imekuwa rahisi kuliko ya kwanza, hilo ndilo limemtia hofu, na mbele yake Theuri, mume wake wa miaka thelathini na mmoja, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kwa kuwa tangu kiharusi hauna habari na mtu, mkono wa kushoto umo mikononi mwa huyo msichana, Rowda, mtabibu wa usemi hapa hospitalini, unagongwa mezani polepole, kila kipande cha neno na pigo lake, Rowda akiimba kwa Kikuyu alichokiokota soko la Nanyuki baba yake akiuza mbuzi, nataka maji, nataka maji, sauti ya juu, sauti ya chini, na gilasi ya maji iko pale mezani kwa hiyo kazi, na Theuri anamwangalia mdomo, anajaribu, Mungu anajua anajaribu, mshipa wa shingo umesimama, na kinachotoka ni kile kile kinachotoka tangu Machi, to... to... to... basi, kidevu kinashuka, mate yanafuata, Murugi anatoa leso ampanguse na Theuri anageuza uso asipanguswe, hata hilo anamnyima, na leo ni wiki ya kumi na mbili. Kumi na mbili, Rowda alisema wazi tangu siku ya kwanza, hakuficha kitu, tukiona hata neno moja limeshika njia tutaendelea, tusipoona nafasi itaenda kwa mwingine, na huyo mwingine yupo, Murugi amempita pale kwenye benchi la nje, mwalimu kutoka Murang'a aliyegongwa na pikipiki, mke wake amebeba daftari la nyimbo kifuani, amemsalimia Murugi kwa adabu nyingi, adabu ya mtu anayekungojea utoke, na saa ya ukutani inasema wamebakiwa na dakika ishirini, na tangu Jumapili Theuri hajala, amefunga mdomo tu, uji umeteremka kifuani mpaka kwenye mkanda, si kwamba hawezi kumeza, daktari alimpima akasema anaweza, ni kwamba amechoka kuwa mtu wa to to to, anataka kwenda zake, Murugi anajua, hulali kitanda kimoja na mtu miaka yote hiyo ukakosa kujua anapoanza kufunga mizigo.

Rowda aliwaeleza vizuri, mchana ule wa kwanza, alichora kichwa kwenye karatasi, akasema maneno ya Mzee hayajapotea, njia yake ya kutokea ndiyo imebomoka, huku upande wa kushoto, lakini wimbo una njia nyingine, unapita hata upande huu wa kulia ambao ni mzima, kwa hivyo tutalitia neno ndani ya wimbo, wimbo ulipitishe, lakini lazima uwe wimbo wake, sio wangu, ule ambao mwili wake unaujua hata akiwa usingizini, na Murugi akafurahi siku ile, akafurahi kweli kweli, akasema hilo tu, daktari, sisi ni watu wa kanisa, nyimbo tunazo mpaka za kugawa, akaja na kitabu cha tenzi chenye jalada la karatasi ya gazeti, wakaanza na ukurasa wa kwanza... ukurasa baada ya ukurasa, wiki baada ya wiki, zile za Krismasi, zile za mazishi, zile za kutoa sadaka, Rowda Mwislamu wa watu akijifunza tenzi za wokovu kwenye simu ili azifundishe ulimi wa Theuri, na ulimi wa Theuri ukakaa kimya, wiki ya sita Murugi akaileta kwaya nzima ya kanisa, kiongozi wao Mzee Simeon mbele na fimbo yake, wakajaa chumba hiki mpaka mlangoni, wakaimba hadi wauguzi wakaja kuchungulia, na Theuri akalia, machozi yakamteremka mpaka kwenye kola, Mzee Simeon akasema mnaona, Bwana anatenda kazi, na wote wakaitikia, isipokuwa Murugi, yeye aliyajua yale machozi, aliyaona mara moja tu kabla ya hapo, na hakuna Bwana aliyekuwa akitenda kazi siku hiyo, ni watu tu... hapana, si watu, wewe, Murugi, sema. "Mama Nyawira," Rowda anasema tena, hajaacha kugonga, "fikiria tu kidogo. Hata kama ni wimbo ya zamani, ya kitambo sana, kabla muoane. Sio lazima ikuwe ya kanisa." Sio lazima iwe ya kanisa, amejuaje huyu msichana, hajui, anatapatapa tu naye, amechoka, ana wanja umemwagika kidogo pembeni ya jicho, na anamtaka Theuri azungumze kuliko watu wa kwaya nzima walivyomtaka, hilo Murugi analiona, na anamdanganya hivyo hivyo.

Maana hizo tenzi Theuri hakuwahi kuziimba. Hilo ndilo, hilo ndilo limekaa kifuani wiki kumi na mbili, miaka ishirini na miwili amesimama kando yake kila Jumapili, kiwiko kwa kiwiko, kitabu kimoja wakikishika wawili, na mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungika bila sauti, wa mbele hawakujua, wa nyuma hawakujua, lakini aliye kiwiko kwa kiwiko anajua, hata pumzi haikutoka, na yeye akaongeza sauti yake ili kufunika ile nafasi, akaimba ya watu wawili, wakamsifu, Murugi ana koo, Murugi amejaliwa, kumbe alikuwa akiziba shimo. Mtu aliyekuwa akisikia mashine ya kukoboa kahawa kwa sikio tu, pale kiwandani walikuwa wakimtafuta mpaka shambani, anakuja na mikono yake yenye udongo, anainamisha kichwa, anasikiliza, anasema ni ile beringi ya nyuma, na ni hiyo beringi ya nyuma kweli, mtu wa sikio namna hiyo unamwambia aimbe anachochukia na unatarajia nini... na kabla ya hapo alikuwa akiimba, alikuwa na akodioni, kile kinanda cha kuvutavuta alichoachiwa na mjomba wake, vifungo viwili vimetoka akaweka vya koti, jioni akitoka kiwandani anakaa kwenye kigogo mlangoni, anapiga ngoma ya mwomboko, na Murugi, bibi arusi wa mwaka mmoja, anakaa chini karibu naye na karing'aring'a, ile pete ya chuma unayoigonga kwa kijiti cha chuma, yeye ndiye aliyekuwa akigonga, watu husahau, yeye mwenyewe hujisahaulisha, alikuwa na mkono mzuri, Theuri alimwambia, ukigonga wewe mimi sipotei, na majirani wanashikana wawili wawili kwenye uwanja wa kuku, hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kuinama, na ule wimbo wake, alioutunga mwenyewe, walimwomba kila mara, unaanza kwa jina, Wakiuru, jina peke yake kwanza, linavutwa mpaka kinanda kinakwisha pumzi, halafu geuka, Wakiuru, geuka nikuone uso kabla hujavuka daraja, na Murugi akagonga chuma chake akacheka, akidhani Wakiuru ni jina tu la wimbo, miaka minane amegonga, miaka minane, mpaka siku ile anachagua viazi na mama Gatimu akamwambia, hata hakuwa na ubaya, alidhani anajua, "Kwani hujui Wakiuru ni mtu? Ako Sagana, anauza samaki hapo kwa daraja. Karibu waoane hao." Na akaendelea kuchagua viazi.

Akarudi nyumbani na viazi vyake, hakumuuliza, kumuuliza mume jambo kama hilo ni kumpa nafasi ya kujibu, akanyamaza miezi sita, karing'aring'a akaitia chini ya kitanda, mkono unaniuma, alisema, na Theuri akapiga peke yake, na kila jina likivutwa yeye yuko jikoni anasikia, anahesabu, sasa anavuta kuliko jana, sasa amefumba macho, na kwenye ushirika wa Alhamisi, pale ndugu waliookoka wanaposimama kuleta mambo kwenye nuru, kila mtu doa lake, mmoja alipandwa na hasira, mwingine aliangalia mke wa mtu, Murugi akasimama, akasema ninaleta kwenye nuru kwamba nyumbani kwetu kuna chombo cha dunia, na mume wangu ameshikwa nacho, wakasema asante Yesu, na kama ilivyo desturi yao hawakumwacha abebe mzigo peke yake, Jumamosi wakaja, ndugu saba na Mzee Simeon, wakaketi, wakanywa chai, wakaomba, wakamwambia Theuri aachilie, na Theuri akamwangalia yeye, si wao, yeye, akangoja aseme neno moja, neno moja tu, hapana, acheni, ni kinanda tu, na Murugi akaangalia vikombe, ndipo Theuri akasema, "Chukueni. Lakini msikivunje nikiona." Na yale machozi, hapo ndipo yalipokuwa. Karing'aring'a ikaenda pia, yeye mwenyewe aliitoa chini ya kitanda, akajisikia mtakatifu, Mungu amsamehe, alijisikia mtakatifu kabisa, na Mungu hakuwa ameuliza chochote kuhusu kinanda, si Mungu aliyemtuma Murugi, ni Murugi aliyemtuma Mungu, akamtuma kama mtu anavyotuma polisi kwa jirani, na jina hakulitaja hata siku ile, lilibaki mdomoni limefungwa, miaka ishirini na miwili, na mume akafunga la kwake, na sasa kimekuja kiharusi kimemalizia kazi aliyoianza yeye.

To... to... na Rowda amepunguza kugonga, anaangalia saa kwa kuiba, anamaliza kwa heshima, atasema asante Mzee, umejitahidi, atajaza karatasi, mwalimu wa Murang'a ataingizwa, na wao watarudi nyumbani, na kesho uji, na kesho kutwa uji, na mdomo uliofungwa, na siku moja binti yao Nyawira atapigiwa simu kazini aje, na watu watajaa uwanja wa kuku waimbe tenzi zile zile juu ya mtu ambaye hakuziimba, na yeye Murugi ataimba ya watu wawili... na akiutaja ule wimbo? Basi autaje, Rowda aushike, na ukifanya kazi, tuseme unafanya kazi, ulimi wa mume wake utafunguka mbele ya watu na neno la kwanza, la kwanza kabisa baada ya miezi saba, baada ya kumgeuza na kumwogesha na kumfulia na kulala kwenye kiti, halitakuwa Murugi. Litakuwa lile. Na pengine kesho yake atalirudia, watampa maji atalitaja, watamvika viatu atalitaja, Rowda alisema neno likishatoka linaweza kukaa huko mbele kwa muda mrefu, yeye atakuwa akiitwa hivyo nyumbani kwake mwenyewe, wageni watauliza Wakiuru ni nani, na ataweza? Hawezi. Na bado, hawezi pia to to to, hawezi ule mgongo anaogeuziwa, anamtazama sasa, kola imelowa, nywele za masikioni hajamkata vizuri, huyu mtu aliyemngojea aseme neno moja na yeye akaangalia vikombe, deni hilo halina namna nyingine ya kulipika, neno kwa neno, na anatambua, wala si kwa faraja, linamjia tu kama baridi ya mlimani asubuhi ukifungua mlango, kwamba afadhali amsikie akiita mwingine kuliko asimsikie tena. Aite nani, aite. Aite tu.

"Daktari," anasema, na sauti yake inamtisha, "iko moja." Rowda hainui kichwa haraka, anakuwa mwangalifu, kama anaogopa kitu kitaruka. "Sawa, Mama Nyawira. Tuanze. Lakini wewe ndio utaanza, mimi siijui." Yeye ndiye ataanza, bila shaka, nani mwingine, hakufikiria hilo, kwamba litatoka kwanza kinywani mwake yeye, na mkono umeshaingia kwenye kapu lake, umepita leso, umepita chupa ya uji, umetoa kijiko, na gurudumu la kiti liko hapo karibu na goti lake, na ule mviringo wa chuma unaoshikwa kulisukuma, anaugonga mara moja, unalia mbaya, anagonga tena, hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kuinama, mkono haukuwahi kuuma, mkono unakumbuka kila kitu, na Theuri hajageuka bado, maji yako mezani vile vile, saa inakwenda, nje mtu anakohoa, na kidole kimoja cha ule mkono wa kushoto kimeachana na vidole vya Rowda, au anaona vibaya kwa machozi, hajui, hawezi kungoja ajue, Murugi anavuta pumzi ya watu wawili na kuanza na jina, kwa kuwa wimbo unaanza hapo.