Kioo Cheusi cha Subiri

Mtaani walimwita Subiri. Kwa miaka mingi alikaa kwenye mitambo ya simu ya kampuni ya usafirishaji akiwaambia wapigaji, "Subiri, nakuunganisha," mpaka mitambo ikang'olewa, naye akarudishwa nyumbani na kompyuta kuukuu ya mezani kama pole. Macho yake hayakuwahi kuona tangu utotoni. Masikio, hayo usiyachezee: aliweza kumtambua mtu kwa anavyovuta pumzi kabla hajasema hujambo.

Aliishi na dada yake mkubwa, mjane, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo mwepesi. Dada ndiye aliyemsomea kila kitu: ujumbe wa simu, karatasi za hospitali, hata maandishi kwenye pakiti ya sabuni. Shida ni kwamba alichokisoma hakikukaa ndani. Subiri aliwahi kuota jipu mahali ambapo mtu hapendi kupataja, na alipofika duka la dawa, muuzaji akampa pole kabla hajafungua mdomo. Dada hana ubaya, tuelewane. Habari ikimkaa tumboni inamwasha, basi.

Sasa kazi ilikuwa imepatikana. Ofisi moja ya ushauri nasaha ilitaka mtu wa kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyachapa. Mshauri mwenyewe alikuwa amesikia sifa za vidole vya Subiri, akampigia simu na kumpa sharti moja: yale mazungumzo asiyaone wala kuyasikia mtu mwingine yeyote. Mle ndani watu wanalia, wanataja ndoa zao.

"Ukihitaji mtu wa kukusomea hata mstari mmoja, kaka, itabidi nitafute mwingine," alisema. "Jumamosi alasiri nitakuja nikuone ukifanya kazi."

"Karibu sana, mama," Subiri akajibu, wala hakumeza mate.

Mwingine angemeza. Kompyuta yenyewe ilikuwa bubu. Programu yake ya kusoma kwa sauti ilikuwa ya kulipia kila mwaka. Kibali kilipokwisha, ikanyamaza katikati ya sentensi bila hata kuaga. Kioo nacho kilikufa baadaye, kikabaki pale mezani kwa heshima ya umri wake. Lakini rafiki aliyesoma naye shule ya wasioona alikuwa amemletea flashi yenye mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, yaani ule uliotengenezwa na watu wakaugawa bure, yeyote auchukue, aufungue, aurekebishe apendavyo, na sauti yake hakuna wa kuja kuizima.

"Usiuache ujipange wenyewe," rafiki alimwonya. "Utafagia diski nzima. Upange kwa mkono wako."

Diski ilikuwa na sehemu mbili. Ndogo ilikuwa na mfumo wa zamani, na hiyo haikuwa na wa kuililia. Kubwa ilikuwa na kila kitu alichowahi kuandika tangu ajifunze kuchapa. Subiri akazikariri hatua zote kama alivyokuwa akikariri namba za wateja, kazi aliyoizoea kuliko kula.

Jumamosi asubuhi akachomeka flashi, akawasha, akaweka kiganja juu ya mashine. Ukaja mlio mfupi. Akabonyeza alichoambiwa, akangoja, na mashine ikasema. Ilikuwa sauti kavu ya bati, Kiswahili chake kama cha mgeni aliyeshuka jana, na Subiri akacheka peke yake kwa furaha. Ikamsomea sehemu za diski moja moja na ukubwa wake. Ndogo akaiamuru ifutwe. Kubwa akaiamuru iachwe kama ilivyo. Sauti ikauliza kama ana uhakika.

"Kuliko wewe," akasema, akabonyeza ndiyo.

Mfumo ukaanza kujinakili, kazi ya muda mrefu isiyo na maneno mengi. Akaenda kuoga.

Aliporudi alikutana na harufu ya nguo ya moto. Feni ya kompyuta haikusikika. Chumba kile kilikuwa na tundu moja tu la umeme linalofanya kazi, na Subiri hakuhitaji kuambiwa lina nini.

"Dada, umechomoa nini?"

"Hicho kidude chako. Kimelala siku nyingi, kioo cheusi tii. Nakupigia shati pasi, mgeni asikukute umekunjamana kama mfuko wa nailoni."

"Hakikulala. Kilikuwa kinaandika."

"Kinaandika wapi na giza lote hilo?"

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. "Kioo ni cha macho yako, Dada. Mimi niko gizani maisha yangu yote na kazi zangu zinaendelea."

Dada akachomoa pasi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nimeharibu?"

"Mfumo wa zamani umefutwa, mpya uko nusu. Hakuna hata mmoja."

"Nimpigie yule mama nimwambie aje kesho? Nitamweleza umepata dharura."

"Usimpigie mtu. Mikono ninayo."

Akachukua shati, bado la moto, akalivaa, akaketi. Hakuinuka tena. Alianza mwanzo kabisa, na sauti ilipofika kwenye sehemu za diski aliiamuru isome mara mbili. Ile kubwa ilikuwepo, nzima. Akashusha pumzi, akafuta ndogo, akaendelea. Mwisho akachomoa flashi na mashine ikajizima ili iwake upya. Subiri akaweka kiganja juu yake, akangoja. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha ile sauti ya bati ikamwomba jina lake, naye akaliandika taratibu kama mtu anayesaini mkataba.

Mshauri alifika akiwa na flashi yenye rekodi ya mtu aliyeridhia itumike kwa majaribio. Subiri akavaa visikilizio, na sauti ya kompyuta ikahamia humo pamoja na ya mteja. Akachapa. Vidole vilikwenda mbio, kisha vikapunguza mwendo, kisha vikasimama. Dada alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Aliuona uso wa mdogo wake umebadilika.

"Mdogo wangu, kuna nini? Anasema nini huyo?"

Subiri akatoa kisikilizio kimoja. Alijua Dada hakuuliza kwa umbea, aliuliza kwa uchungu, na ndiyo maana jibu lilimwuma kulitoa.

"Siwezi kukuambia, Dada."

Sinia ikawekwa chini polepole. Mlango ukafungwa kwa nje, kitasa kikalia. Subiri akachapa mpaka mwisho, akamrudishia Mshauri flashi yake ikiwa na maandishi, na mwanamke yule akawa anasoma kwenye kompyuta yake ya mkononi, ukurasa baada ya ukurasa, bila kusahihisha kitu.

"Jumatatu nitakuletea za kwanza," akasema.

Nje, jirani alikuwa amekuja kutafuta habari.

"Usiingie," Dada akamwambia. "Mdogo wangu yuko kazini."

"Kazi gani tena? Anaandika nini?"

Subiri akatega sikio.

"Mimi sijui," Dada akasema.