Mji Aliotoa Isakwisa

Kengele ya kanisa haikuwa kengele hasa. Ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imetundikwa mtini, na mwenye nyundo yake alikuwa Isakwisa. Siku za kazi aliigonga watoto waingie darasani; Jumapili akaigonga wakubwa waingie kusali, maana nyumba ilikuwa ile ile moja. Bibi yake, Tusekile, akiwa huko migombani, aliujua mkono wa mjukuu wake kwa mlio tu: mapigo ya haraka haraka, kisha moja la polepole.

Basi mwaka ule wa hamsini na nne Jailos akarudi Rungwe kutoka machimbo ya dhahabu ya Makongolosi, na kofia, na viatu, na bangi. Mwalimu Yotamu akamkamata Isakwisa nyuma ya mibuni anavuta naye. Akamnyang'anya nyundo, akampa mtoto mwingine, Asukile. Akamfukuza shule, na kwa kuwa yeye ndiye aliyefundisha darasa la kipaimara, na huko akamfuta.

Tangu hapo kijana hakuwa na pa kwenda asubuhi ila kwa Jailos. Alirudi macho mekundu, akicheka kitu asichokiona mwingine. Tusekile aliuogopa ule moshi, lakini zile asubuhi tupu aliziogopa zaidi. Akabeba mkungu wa ndizi, akaenda kwa mwalimu.

"Mwalimu, mrudishie nyundo tu. Akiwa na nyundo ataamka."

"Mama, nyundo ya kanisa nimpe mvuta bangi? Watu watanicheka mpaka Iringa."

"Wao wacheke, mimi nilie?"

"Jumapili asimame mbele ya watu, atubu. Halafu tutaona."

"Tutaona nini?"

Mwalimu akatazama ndizi.

Jumamosi jioni Isakwisa alikuwa jikoni, kichwa kimemtulia. Bibi akamchomea ndizi.

"Kesho utasimama, mume wangu?"

"Mbele ya Asukile na nyundo yangu?"

"Mbele ya Mungu."

"Mungu alikuwepo kule nyuma ya mibuni, bibi. Hakunifukuza."

Tusekile akakimbilia alikozoea kukimbilia.

"Kitendawili!"

Kijana akatabasamu kidogo. "Tega."

"Nawaita watu wote waingie ndani, mwenyewe nabaki nje."

Alikitega chepesi makusudi. Alitaka tu alitamke lile neno, kengele. Akishalitamka, amvute taratibu kutoka hapo mpaka mlango wa kanisa. Isakwisa akayatazama makaa, akatafuna, akameza.

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Ushindwe wewe? Acha utani."

"Nimeshindwa, bibi."

Tangu utotoni, akishindwa, mji aliotoa ulikuwa mmoja: Iringa, kwa kuwa huko ndiko alikotaka kwenda kusomea ualimu. Tusekile alikwisha kupewa Iringa hata akawa anajiita chifu wa Wahehe.

"Haya, nipe Iringa yangu."

"Nakupa Makongolosi."

"Siutaki huo. Nipe mwingine."

"Sina mwingine."

Tusekile akakataa kuupokea, kwa hiyo jibu nalo halikutolewa. Wakalala hivyo.

Asubuhi chuma kikalia kwa mkono wa Asukile, ovyo ovyo. Mkeka wa Isakwisa ulikuwa umekunjwa vizuri, kama bibi yake alivyomfundisha. Kwa Jailos nako, mlango umefungwa kwa kamba.

Tusekile akaenda kanisani, akasimama chini ya ile ringi. Watu wakampita wakiingia. Mwalimu Yotamu akatoka, Biblia kwapani.

"Mama, mtoto yuko wapi? Wazee wamemwekea nafasi mbele."

"Amenipa mji, mwalimu."

"Mji gani?"

"Makongolosi."

Mwalimu akacheka, akidhani ni vile vitendawili vyake. "Nawe ukaupokea?"

Tusekile akafungua kinywa aseme kama isemwavyo: nilikwenda Makongolosi, wakanipokea, wakanipikia. Akakifunga tena. Huko hakuna aliyemjua.

"Ingia basi, mama. Tunaanza."

"Anzeni."

Asukile akagonga la mwisho, akaitupa nyundo majanini, akakimbilia ndani. Tusekile akaiokota, akaipangusa umande kwa kanga yake, akabaki nayo pale nje.