Shahidi Aliyerudisha Kitambulisho

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, Kaloki alimaliza kuchora mistari ya uwanja wa Migwani kwa majivu ya jikoni, akafunga mkebe kwenye pikipiki yake, kisha akateremsha kiti cha miguu mitatu na kukiweka karibu na kibendera cha kona. Kiti kilikuwa cha baba yake, mzee Mbaluka, aliyefariki miaka kumi na mmoja iliyopita na kuzikwa nyuma ya nyumba, kando ya mipapai. Kaloki alikirithi kwa kuwa ndiye mwana wa kwanza. Saa tisa na nusu mzee alifika kwa miguu, udongo ukiwa magotini mwa suruali, akaketi, na mechi ikaanza.

Watu wa Migwani hawakuwa na neno. Mzee alipenda mpira enzi za uhai wake, na mtu haachi kupenda kitu kwa sababu tu amezikwa. Mwamuzi mmoja kutoka Zombe alimwomba asogee nyuma ya mstari, naye akasogea bila ubishi, tofauti na mashabiki wengine ninaowajua.

Alikuwa akija kumwona mjukuu aliyebeba jina lake. Wayua, dadake Kaloki, aliolewa na Dubow, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akinunua mbuzi soko la Zombe. Dubow alikufa kwa ajali ya lori mtoto akiwa na miaka minne, na Wayua akarudi kwao na mtoto huyo, Mbaluka Abdiaziz Dubow. Nyumbani alimwita "baba", kama afanyavyo mama kwa mtoto aliyepewa jina la baba yake mzazi. Mzee akiwa karibu, wote wawili waligeuka.

Kaloki ndiye aliyemfundisha kijana mpira. Alimvalisha kiatu cha kushoto peke yake, mguu wa kulia ukabaki wazi juu ya kokoto. Mguu wa kulia ukaogopa mawe, wa kushoto ukajifunza kazi. Kijana alipofika miaka kumi na tisa, wingi ya kushoto ilikuwa yake, na binamuye Ben, mtoto wa Kaloki, alikaa benchi akisubiri achoke. Hakuchoka. Akifunga bao, watu walisema ni mtoto wa Migwani. Akikosa penalti, walisema ni Msomali.

Mwezi wa kwanza, timu moja ya ligi kuu kule Nairobi ilimsainisha mkataba. Alicheza mechi tatu za kirafiki, akafunga mabao mawili, akapewa jezi nambari kumi na saba. Mtunza jezi alimuuliza aandike jina gani mgongoni. Kijana alifikiria kidogo, akasema Dubow, kwa sababu baba yake hakuwahi kumwona akicheza.

Alipiga picha na jezi hiyo akaituma nyumbani. Mzee Mbaluka alionyeshwa kwenye simu ya Wayua, akasema rangi ni nzuri. Kaloki aliitazama kwa muda mrefu. "Dubow alimfundisha mpira lini?" aliuliza, kisha akaenda kuwapa ng'ombe maji. Hapo ndipo Wayua alipopaswa kushtuka. Lakini nani humshuku kaka yake wa tumbo moja?

Ikabaki karatasi moja tu. Bila nambari ya kitambulisho, kijana hangesajiliwa, na usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Mtu mwingine wa Migwani huenda kupiga picha na kuweka alama za vidole, basi. Mtu aitwaye Dubow hupelekwa kwanza mbele ya kamati ya kuhakiki uraia, na kamati hutaka mzee mmoja wa ukoo aape kwamba anamjua. Mama haruhusiwi kumtolea mwanawe ushahidi. Mwenye kiti cha ukoo alikuwa Kaloki.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Wayua alimletea kaka yake jogoo wa shukrani, akamfunga mwenyewe kwenye pikipiki ya Kaloki nje ya ukumbi. Ndani, mama Kalunde, mwenyekiti, aliuliza maswali yake kwa upole, na karani Mutisya akaandika.

"Kaloki, huyu kijana unamjua?"

Kaloki aligeuza kofia mikononi. "Simfahamu vizuri," alisema. "Namwona tu uwanjani."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba wakati mwingine ndicho kilichokufunga kamba za viatu. Kijana Mbaluka alidhani mjomba amelielewa swali vibaya. Alimtazama ili wacheke pamoja. Kaloki alikuwa akitazama dirisha, na hapo kijana akaelewa. Ben alikuwa na kitambulisho tangu mwaka jana. Ben pia alikuwa mchezaji wa wingi ya kushoto.

Wakati huo mzee Mbaluka aliingia. Haikuwa siku yake, na tangu azikwe hakuwahi kutoka Migwani, lakini alikuwa amekuja kwa boda boda. Mwenye pikipiki alisema baadaye kwamba abiria alikuwa mwepesi, hata mlimani hakubadilisha gia. Mzee aliwasalimu wanakamati mmoja mmoja. Walimpa kiti cha plastiki.

"Mtoto huyu alizaliwa nyumbani kwangu, siku ya mvua," alisema. "Siku ya tatu nikampa jina langu. Na huyu anayesema hamfahamu ndiye aliyechinja mbuzi."

Kamati iliridhika. Mama Kalunde aliinamisha kichwa kwa heshima, maana maneno yalikuwa yamenyooka na aliyeyasema alikuwa mtu anayejulikana. Mutisya akafungua ukurasa mpya, akaomba kitambulisho cha shahidi.

"Mlikichukua," mzee alisema.

Mutisya alitafuta kwenye daftari kuukuu, akakuta ni kweli. Kitambulisho kilirudishwa mwaka aliofariki, kikakatwa pembe, familia ikapewa cheti cha kifo. Alilisoma hilo kwa sauti. Mama Kalunde alifikiri, akaangalia fomu mbele na nyuma. "Mzee wetu, tumekusikia, na hakuna hapa anayekukatalia," alisema. "Lakini fomu inataka nambari ya shahidi aliye hai." Kisha akamgeukia Kaloki. "Umemsikia baba yako. Una la kuongeza?"

Kijana Mbaluka alisubiri. Mlango ulikuwa bado wazi, neno moja tu lingetosha, na yeye angesahau lile la kwanza, wallahi angesahau kabisa.

"Sina," alisema Kaloki. "Baba siku hizi husahau."

Katika kumbukumbu za kikao Mutisya aliandika kwamba marehemu alihudhuria. Kijana aliambiwa arudi baada ya siku tisini na mzee mwingine wa ukoo. Mzee mwingine wa ukoo hakuwepo. Nje, Wayua alisimama na kiondo mkononi, akamwona kaka yake akipita bila kumtazama, akiwasha pikipiki, na kuondoka na jogoo wake.

Ijumaa usajili ukafungwa, na aliyesajiliwa alikuwa Ben. Kaloki alikuwa amewapigia simu watu wa Nairobi Alhamisi hiyo hiyo jioni, akawaambia kijana wao ana shida ya karatasi, ila yupo mwingine wa kushoto, karatasi zote mkononi. Ben alipewa nambari kumi na saba. Jina la zamani lilibanduliwa kwa pasi, lakini ukitazama kwa karibu bado lilisomeka. Alimtumia Mbaluka ujumbe: pole bro, si mimi. Mbaluka aliusoma mara nyingi.

Jumamosi iliyofuata walicheza na timu ya Mbooni. Kaloki alichora mistari, akafunga mkebe, akateremsha kiti na kukiweka karibu na kibendera. Mzee alifika saa tisa na nusu, udongo magotini. Hakuketi.

"Baba, kiti chako," Kaloki alisema.

Mzee alimgeukia muuza njugu aliyesimama karibu. "Huyu simfahamu vizuri," alimwambia. "Namwona tu uwanjani." Akaenda kuketi juu ya jiwe, upande wa pili wa goli. Muuza njugu akaendelea kuuza njugu zake.

Kaloki alikiinua kiti, akakishika kidogo, akakirudisha palepale. Kisha, kwa kuwa ndiye kocha, akasoma majina ya wachezaji. Mbaluka alipangwa wingi ya kushoto, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Dakika ya ishirini alipokea mpira karibu na kona, akampita beki mmoja, akampita wa pili, akafunga kwa mguu uliofundishwa na kokoto. Watu walipiga kelele kwamba huyo ni wao. Kaloki aliwageukia wageni wa Mbooni, akajipiga kifua.

"Mtoto wa dada yangu huyo," aliwaambia. "Nimemlea mimi."

Mbaluka alisikia. Alipita kando ya kiti kilichokuwa wazi, akautoa mpira wavuni mwenyewe, akaurudisha katikati ya uwanja.