Dakika ya Pili

Simu yangu ni kuukuu. Kioo kimepasuka na nusu yake ya chini haisikii kidole hata ukibonyeza mpaka kesho. Binti yangu Purity amenibembeleza niibadilishe, nami nimekataa kwa sababu moja: ina programu ya kurekodi, nayo inanasa sauti za pande zote mbili. Simu yake mpya inanasa yake peke yake, utadhani anajisemesha.

Mume wangu alipofariki, shemeji yangu Mogaka alianza kuchuma majani chai yangu ya kule karibu na mto. Nikampigia. Kufikia dakika ya pili alikuwa ananitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Kisha, kwa kiburi chake, akamalizia: "Najua ndugu yangu alikuachia. Utanifanya nini?" Yote yakarekodiwa.

Jumapili tukakaa kwa baba mkwe, mzee Nyasani, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Mogaka akaapa kwamba shamba ni lake. Nilipotoa simu na kusema nilimrekodi, akatabasamu. Alijua mke wa mwana hasikilizi matusi ya aina ile mbele ya baba mkwe wake. Hiyo ni chinsoni, heshima yetu, na kuivunja ni aibu ya maisha. Kuyaruka matusi nisingeweza, maana pa kubonyeza ili kusogeza rekodi mbele ni pale chini kwenye kioo kilichokufa.

Lakini mjanja huyo alisahau kwamba chinsoni inamfunga yeye pia. Baba na mwana hawasikii maneno hayo wakiwa pamoja, sembuse yakitoka kinywani mwa mwana mwenyewe.

Nikagusa jina lake kwenye orodha ya rekodi, juu kabisa.

"Shemeji, habari ya huko," sauti yangu ikasema. Mzee akasogeza kiti karibu. Sauti ya Mogaka ikaanza kupanda.

"Zima," Mogaka akasema.

"Haizimiki, shemeji. Kioo kimekufa."

"Mama Purity, zima hiyo kitu!" Jasho lilikuwa linamtiririka. "Majani ni yake, baba! Ndugu yangu alimwachia! Zima!"

Nikafungua mgongo wa simu nikang'oa betri. Zilibaki sekunde chache tu matusi yaanze, na mimi pia nilikuwa nimekaa pale.

"Hapo mbele mlisemaje?" mzee akauliza.

Mogaka akaniwahi.

"Salamu tu, baba."

Nikatia betri mfukoni. Majani yangu nilikuwa nimeshayapata.