Mstari Unaokoma kwa Eufrasia

Asubuhi moja ya mwaka 1974, mwalimu Masatu alichora duara ubaoni, kisha mistari ya maji yanayolipita. Aliwaeleza wanafunzi wake wa Musoma kwamba maji yasiyo na mnato wowote huachana mbele ya kitu, hukutana nyuma yake, wala hayakisukumi.

"Maji ya namna hiyo hayapo," alisema, akafuta ubao.

Mchana alipata habari kwamba serikali inawahamishia watu wa Bugwema, alikozaliwa, kwenye kijiji cha ujamaa, na kwamba mama yake, Eufrasia, amegoma kuliacha kaburi la mumewe. Akadandia lori la pamba, awahi kumtoa kabla nyumba haijachomwa.

Alimkuta Kija, mgambo, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mwalimu, mama yako anatusumbua. Tukimwendea, tunajikuta nyuma ya zizi. Kiberiti nimewasha mwenyewe, moto umepita kando."

"Na lori la kuhamishia watu?"

"Nalo limezunguka. Dereva anaapa hakukata usukani. Basi, akae." Kija akainuka, akaenda kuchoma nyumba iliyofuata.

Moshi wa majirani ulikuja na upepo, ukagawanyika mbele ya mji wa Eufrasia, yaani nyumba yake, zizi na kaburi, ukaungana nyuma bila kujikunja. Masatu alitafuta mstari wa katikati wa moshi huo, ule usiokwenda kulia wala kushoto, akaufuata mpaka ulipokoma. Ulikomea kwenye ua wa minyaa. Hapo palinukia samli, kama zamani alipokuwa akirudi kutoka kuchunga.

Mama yake alikuwa upande wa pili, anapepeta mtama.

"Umekonda. Huko Musoma mnakulaga chaki?"

"Mama, twende. Kijiji kipya kina bomba."

"Na baba yako umemwekea nafasi kwenye lori?"

Masatu alinyoosha mkono. Ulifika kwenye minyaa, haukupita.

"Usijisumbue, mwanangu. Jirani yetu Jeska ataniletea maji jioni."

"Jeska ameshapakiwa kwenye lori, mama."

Eufrasia aliendelea kupepeta.

Masatu alirudi kila likizo, kwa mstari uleule. Miaka nayo ilimzunguka mama yake, hakuzeeka. Mashamba ya majirani yaliota vichaka, na hakuna aliyerudishwa. Kila jioni Eufrasia alisimama uani akawaita majirani hao kwa majina, mji kwa mji, kwa mpangilio wa zamani. Baada ya kila jina alinyamaza kidogo, kiasi cha mtu kuitikia.